Sufuri Tatu za Mwezi wa Nane

Kabula mwanangu,

Umekwenda Nyalikungu kumuaga bibi yako, na gari la kukurudisha haliwezi kufika hapa kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo nina saa nne. Nimefunga mlango wa uani, nimezima redio, nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, na meza yangu ni ule ubao tunaokatia nyanya. Wiki hii nimejaribu kukuambia jambo hili kwa mdomo mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuambia habari za mpira wa maji.

Habari za mpira unazijua. Sina haja ya kukuandikia kwamba punje za kwenye mtungi hazitakiwi kukauka, wala kwamba unaanza na fremu ya juu kabla ya kioo, wala kwamba ukishasuuza unakiacha kioo kikauke chenyewe, na mtu akikuletea kitambaa umrudishie. Ule mti wa faiba wenye brashi ya kuoshea vioo vya juu umeushika tangu ukiwa na miaka kumi na mitatu. Benki wanakuulizia wewe, hospitali wanakuulizia wewe, mimi wananiuliza tu kama upo. Kwa kazi sina wasiwasi na wewe.

Wasiwasi wangu ni neno ulilosema Jumapili tukila. Nilikuwa nimekuambia kwamba jengo unalokwenda kuosha Mwanza, msimamizi wake wa usafi ni mjomba wako Masanja, na kwamba yeye ndiye aliyepiga simu kukuomba. Ulicheka mpaka ukarudisha tonge kwenye sahani. Ukasema, "Masanja yule yule aliyeharibu mtambo? Basi mama, nitamfundisha kazi."

Mimi sikucheka, nawe ukadhani bado nina hasira naye.

Kabula, Masanja hakuharibu mtambo. Niliuharibu mimi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi unapanda basi, na mchana utakuwa umesimama mbele yake. Ukimwambia yale niliyokulisha tangu utoto atakusikiliza tu, hatakujibu, kwa sababu ndivyo alivyo. Sitaki ufike kwake ukiwa umebeba uongo wangu ukidhani ni akili. Isome barua hii yote kabla basi halijapita Magu.

Nianzie mbali kidogo, maana sikufika pale kwa siku moja.

Nilikuwa mfagizi wa kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika kwa miaka tisa. Miaka tisa, siku sita kwa wiki, na nilichelewa mara nne tu, na mbili kati ya hizo nilikuwa msibani. Soko huria lilipoingia tuliitwa uwanjani yakasomwa majina. Waliosomwa waliambiwa wasimame kushoto. Kwa kuwa tulikuwa wengi tulidhani kushoto ndiko wanakobaki. Tukawa tunawaonea huruma wale wachache wa kulia. Kumbe wa kulia ndio waliobaki. Nilipewa barua iliyokosea jina langu na mche mmoja wa sabuni, nikarudi nyumbani kwa miguu. Sikumsamehe mtu hata mmoja wa siku ile, na sikufichi, sijawasamehe mpaka leo.

Baada ya muda kiwanda kilipata mwenyewe, mwekezaji. Akajenga mbele yake ofisi ya ghorofa moja, upande wa barabarani vioo vitupu. Nilivihesabu siku ya kwanza: sabini na viwili, thelathini na sita juu na thelathini na sita chini. Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na kioo kikubwa tulichokizoea Bariadi kilikuwa cha mbele ya lori. Watu walitoka Kasoli kuja kujitazama. Nami nikaenda, sikwenda kujitazama, nilikwenda kuomba kazi ya kuviosha.

Wiki ya kwanza nilivitia aibu vile vioo. Niliviosha kwa maji ya kisima cha pampu, nikavifuta kwa magazeti, na jua lilipopiga vikatoka mba. Madoa meupe, madogo madogo, kama uso wa mtoto anayelala bila mafuta. Ukivifuta tena unayasambaza. Maji yetu haya unayajua, sufuria zetu ndani zina ganda kama la yai.

Ndipo mtambo ukaletwa, kwenye kontena moja na vipuri vya kiwanda. Alikuja nao fundi wa Kizungu aliyekaa siku nne. Vichujio viwili virefu, mtungi wa bluu wenye punje za rangi ya asali ndogo kama ulezi, mpira wa mita hamsini, mti unaochomolewa vipande vinne, na brashi. Na kile kidude ambacho sasa kimo kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, mita ya kupimia chumvi. Fundi aliitumbukiza kwenye maji ya kisima ikasoma 780. Akaitumbukiza kwenye maji yaliyotoka kwenye mtungi. Ikasoma sufuri tatu. Hakujua Kiswahili nami sikujua Kiingereza, lakini wote wawili tulikuwa tukitazama namba ile ile. Akainyoosha mikono kama mtu anayesema, basi, umeelewa. Nilikuwa nimeelewa. Hakuna siku nyingine kazini ambayo niliwahi kuona kitu kikiwa kweli kabisa au uongo kabisa bila mkubwa kuja kuamua.

Jambo moja fundi hakulisema, nililigundua mwenyewe. Mtungi ule ukiulisha maji ya kisima, ulikuwa unatoa lita mia nne, baada ya hapo punje zimekufa. Punje mpya zilitoka nje ya nchi, mara moja kwa mwaka. Vioo sabini na viwili, lita tatu kila kimoja, ni lita mia mbili na kumi na sita kwa uoshaji mmoja. Yaani mwaka mzima tungeosha mara moja, tukianza ya pili tunaishia katikati. Siku mvua iliponyesha nikakinga sufuria chini ya bati, nikaipima. Maji ya kwanza yenye vumbi yalisoma 61. Yaliyofuata, 14. Nikakaa chini kwenye matope nikapiga hesabu kwa kijiti: kwa maji ya 14 mtungi ule ule ungetoa zaidi ya lita elfu ishirini. Nikaenda ofisini na miguu yangu yenye matope nikamwambia meneja tufunge mifereji kwenye bati na tuweke tangi.

Akafunga. Tangi la lita elfu mbili. Nilikuwa nimesema la elfu tano, akasema elfu mbili zinatosha.

Mwezi uliofuata akamteua msimamizi wa usafi. Akamteua Masanja.

Sasa huyu Masanja umemjua kwa jina tu, na jina nililichafua mimi. Ni mtoto wa mjomba wangu, kaka yake mama. Mimi ndiye niliyemwombea kazi pale, miezi mitano baada yangu, akawa mshika mti, mimi msoma mita. Alikuwa amefika kidato cha nne, mimi darasa la saba, na alikuwa mwanamume. Meneja hakuona sababu ya kutafuta sababu nyingine. Masanja mwenyewe alikuja kuniambia akitazama chini. Akasema cheo ni changu, yeye amepewa koti tu. Akanivulia buti zake za mpira, kwa kuwa mimi nilikuwa nafanya kazi kwa kandambili, na zile buti nilizivaa mpaka zikapasuka na kila siku nilipozivaa nilimchukia kidogo.

Tulikuwa tunataniana, mabinamu tena. Alisema ningeolewa na ile mita, tungeelewana. Nami nilimwambia yeye na ule mti wake ni mbuni na shingo yake. Kila asubuhi ya kuosha, kabla ya kufungua maji, alisimama kwenye kona ya jengo na kuuliza kwa sauti, "Binamu, mita inasoma ngapi?" Nami najibu, "Sufuri." Naandika kwenye daftari 000, meneja anatia sahihi saa moja kamili, siku inaanza.

Baba yako wakati huo alikuwa ameshakwenda machimboni, na barua zake zilikuwa zimeshaacha kuja. Wewe ulikuwa tumboni.

Tangi la elfu mbili lilitosha wiki tisa. Mvua zilikata mwishoni mwa mwezi wa tano, kwa hiyo mwezi wa nane ulipoingia tulikuwa tumebaki na kisima tu. Nilikuwa nimejiandaa. Punje mpya za mwaka ule nilikuwa ndiyo kwanza nimezitia, na zilitosha zile lita mia nne za kisima, na nilimwambia meneja mwezi huo tusioshe kila wiki, tuoshe mara moja, siku ya wageni. Walikuwa wanakuja wenye mali na watu wa benki kuamua kama kiwanda kingenunua pamba mpaka mwisho wa msimu. Lita mia mbili na kumi na sita za wageni, mia moja themanini na nne zinabaki akiba. Hesabu ilikuwa safi.

Lakini mwezi wa nane ndio msimu. Malori ya pamba yalipanga foleni kutoka getini mpaka unapoishia kuona. Lori lilikaa siku sita, saba, kabla halijashusha. Juani vile, betri zinakauka. Na Bariadi nzima maji ya betri yalikuwa yamekwisha madukani. Ukitia ya kisima unaiua betri.

Siku moja alikuja dereva mmoja mtu mzima, wa Nassa. Hakuniita kwa kupiga mluzi kama wengine. Alivua kofia, akanisalimu kwa Kisukuma kama mtu anavyomsalimu mama yake. "Mwadila, mayu. Nasikia wewe una maji yasiyo na chumvi."

Nikamjazia kidumu cha lita tano. Alipopita tena aliniletea dagaa, wakavu, wazuri, wamefungwa kwenye gazeti. Kesho yake wakaja watatu. Wiki haikwisha, foleni nzima ilinijua. Waliniita Mama Sufuri. Nikipita na tumbo langu, utingo wananipisha. Mwingine aliniletea sukari, mwingine mchele, mwingine akanipa lifti mpaka kliniki akanisubiri nje. Mimi ambaye miaka tisa nilifagia mbele ya watu wakanyanyua tu miguu bila kunitazama.

Nataka ulielewe hilo vizuri, Kabula, kwa sababu watu wakikusimulia makosa yao husema walikuwa na shida. Shida nilikuwa nayo, ndiyo, dagaa wale tulikula wewe na mimi. Lakini ningeweza kusema hapana baada ya wale kumi wa kwanza. Sikusema, kwa kuwa lile jina lilikuwa tamu, na kwa kuwa kila kidumu nilichojaza nilihisi namnyang'anya meneja kitu alichonikatalia. Nilijiona nimepunjwa, na mtu anayejiona amepunjwa hajitazami mikono.

Masanja aliona. Dagaa nilimgawia nusu, kila mara, naye alikula. Siku moja aliniuliza, "Binamu, hesabu yako inaruhusu?"

Nikamwambia, "Hesabu niachie mimi."

Akaniachia.

Nimekuja kuhesabu baadaye. Madereva themanini, lita tano tano. Mia nne kamili. Mimi ninayehesabu ngazi nikipanda, ninayejua mlango wetu una misumari mingapi, vile vidumu sikuvihesabu. Nilikuwa najua nikivihesabu nitaacha.

Asubuhi ya wageni niliitumbukiza mita kama kawaida. Ikasoma 64.

Nikaisuuza nikapima tena. 64. Nikayaacha maji yamwagike kidogo, maana unajua yale ya kwanza huwa yamelala kwenye mpira. 64. Ile namba naiona mpaka leo nikifumba macho, jinsi mkia wa sita ulivyokuwa umefifia kwa betri kuchoka.

Meneja alikuwa anakuja na kalamu yake mkononi. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema. Hata kama angenifukuza, tungeweza kuosha kwa ndoo na kukausha kwa vitambaa vikavu kioo kimoja kimoja kabla jua halijavishika, wawili sisi, na vijana wa marobota wakitusaidia, kabla wageni hawajafika saa nane. Nilishapiga hesabu hiyo pia: dakika nne kwa kioo, watu sita, chini ya saa moja. Chini ya saa moja, Kabula. Nikaandika 000. Akatia sahihi.

Kutoka konani Masanja akauliza, "Binamu, mita inasoma ngapi?"

"Sufuri."

Akafungua maji.

Aliosha vizuri siku ile kuliko siku zote, juu kwanza, kisha chini, fremu, kioo, suuza, bila kuruka hata kimoja. Mimi nilisimama kwenye mtungi nikishika mpira, na sikupima tena. Niliyekwisha kudanganya nilikuwa napima nini? Bila shaka mpaka anamaliza yalikuwa yanatoka maji ya kisima yenyewe. Saa tano akamaliza. Saa sita jua lilikuwa limevishika vyote. Saa saba ofisi nzima ilikuwa nyeupe, nyeupe ya kutisha, kama mtu ameitemea maziwa.

Meneja alitoka na daftari mkononi. Hakupiga kelele. Alifungua ukurasa, akamwonyesha Masanja zile sufuri tatu na sahihi yake chini. Akamuuliza, kama maji yalikuwa sufuri, huu uchafu umetoka wapi.

Masanja alinitazama. Alitazama tumbo langu. Halafu akamtazama meneja akasema, "Nadhani nilichota kwenye tangi lisilo lenyewe."

Hakukuwa na tangi lingine. Meneja hakujua hata hilo. Akanigeukia mimi. "Mita ilisoma ngapi?"

"Sufuri," nikasema.

Ile ya kwanza nilimdanganya meneja na kalamu yake. Hii ya pili nilimdanganya nani? Masanja alikuwa anajua, mimi nilikuwa najua. Ilikuwa ni kukubali tu kwamba achukue yeye.

Alivua koti palepale, akalikunja, akaliweka juu ya mtungi. Akanipa funguo za stoo. Aliponipita alisema taratibu, wala hapakuwa na kisirani kwenye sauti yake, "Jifungue salama, binamu."

Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia kwa miaka kumi na minane.

Alikuwa anaoa mwezi wa kumi. Binti wa Kasoli, ng'ombe kumi na wawili walikuwa wameshakubaliwa. Baba wa binti alisikia kwamba kijana amefukuzwa kwa kuharibu mali, akatuma mtu kusema mazungumzo yaishie hapo. Masanja akaondoka na begi moja. Nilisikia Mwanza alianza kwa ndoo na gazeti, akiosha vioo vya maduka, kile kile tulichokuwa tunakicheka.

Ningekuambia nilijuta siku ile ile, ungenipenda zaidi. Sivyo ilivyokuwa. Nilipewa koti lake, nikawa msimamizi. Nikajiambia ilibidi cheo kiwe changu tangu mwanzo. Na kwa kuwa sasa mtungi ulikuwa umekufa na mimi ndiye mwenye funguo, nilitaka kuufufua kabla meneja hajajua. Dereva mmoja alikuwa ameniambia kwamba kiwanda fulani cha soda mtungi wao wakiuosha kwa chumvi unarudi kuwa mpya. Nikanunua kilo kumi za chumvi ya mawe, nikazikoroga, nikazimimina kwenye zile punje. Kumbe mitungi ina aina zake, na wa kwetu haukuwa wa namna hiyo. Mita ilisoma elfu tatu na zaidi. Meneja alipouliza, nikamwambia nadhani yule Masanja alitia kitu kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo hesabu kamili ni tatu. Mara mbili sufuri, na mara ya tatu chumvi.

Ulizaliwa siku ya mvua ya kwanza, ndiyo maana wewe ni Kabula. Watu walikuja kunipongeza wakisema umekuja na baraka. Mimi nililala nikisikiliza bati, nikawaza kwamba mvua hii ingetangulia wiki tisa Masanja angekuwa anaoa. Nilijifunza siku hiyo kwamba naweza kufurahi na kutofurahi kwa pamoja, na kwamba hakuna anayeona. Punje mpya zilikuja, kiwanda kikaendelea misimu sita, bei ya pamba ikaanguka, mwekezaji akafunga akaondoka. Mtambo haukuwa na wa kuuchukua. Nikauchukua. Ndio uliokusomesha, na watu wa hapa Bariadi wanasema nimejijenga mwenyewe bila mtu. Kila wakisema hivyo mimi hunyanyua kichwa, na kila nikinyanyua namuona Masanja akilikunja lile koti.

Sasa lile ambalo ni baya kuliko mengine, na ndilo lako.

Mtu akikubebea kosa, unatarajia utampenda. Mimi nilimchukia. Nilimchukia kwa kunyamaza kwake, kwa kunitazama tumbo, kwa kunifanya mtu wa kuhurumiwa. Angenisema mbele ya meneja ningemchukia na ningelala. Na nilipoanza kukufundisha kazi, ukiacha kichujio bila kukiosha au ukiviringisha mpira ukiwa na vumbi, nilikuambia, "Utaharibu mtambo kama mjomba wako Masanja." Mara ngapi? Hata mimi siwezi kupiga hesabu hiyo. Nililitumia jina lake kama fimbo ya kukuweka sawa, ukawa sawa, ukawa bora kuliko mimi. Ule uangalifu wako wote, mwanangu, umeujenga juu ya kumdharau mtu aliyefukuzwa kwa ajili yako kabla hujazaliwa.

Sijui nikupe ushauri gani utokao kwenye haya. Najua moja tu la kazi, ambalo huenda si la kazi tu. Punje zikikaribia kufa hazikuonyi polepole. Zinasoma sufuri, sufuri, sufuri, halafu siku moja 64. Kwa hiyo usisubiri mita ikuambie, hesabu vidumu unavyotoa. Na siku ukiona hutaki kuhesabu kitu, kihesabu hicho kwanza.

Wiki tatu zilizopita simu ililia, namba siijui. Nikasema haloo. Sauti ikasema, "Mwangaluka, mayu," kwa ile heshima ya mzaha, nikaijua kabla hajataja jina. Alizungumza kama mtu aliyetoka dukani akarudi. Akasema jengo lao lina ghorofa sita, wamenunua mtambo mpya na vijana wanauogopa, na maji ya ziwa yanasoma 70 tu, ningeyaona ningelia kwa wivu. Akasema amesikia kwa dereva mmoja kwamba nina binti anayeshika mti kuliko wanaume. Nimtume. Atakaa kwake, mke wake ameshaandaa chumba, wana watoto wadogo wawili. Aliwapata ukubwani, alisema, akacheka.

Nilikuwa nasubiri aseme lile jambo. Halikuja. Mwishoni akauliza, "Binamu, mita bado inasoma sufuri?"

Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono yote miwili. Hapakuwa na meneja. Hapakuwa na wageni wala tumbo. Nikasema, "Bado inasoma."

Akashukuru kwa Kisukuma. Akasema, "Wabeja, binamu. Mtume mtoto." Akakata.

Sijui anakuita kwa wema, au anataka tu akuone huyo aliyemgharimu kazi na mchumba. Nimefikiria yote mawili na kila moja lina haki yake. Huenda atakukaribisha, huenda baada ya wiki atakurudisha. Ukirudishwa, rudi, kitanda chako sitakiondoa, wala usinilaumu kwa sauti mbele ya bibi yako, mzee yule anampenda sana mtoto wa kaka yake.

Chini ya nguo zako, kwenye mfuko wa nailoni, nimeweka daftari la mwaka ule. Kwenye tarehe ya wageni utaona 000 na sahihi ya meneja. Geuza ukurasa. Nyuma yake, kwa penseli, kuna namba niliyoiandika jioni ile ile, kwa kuwa hata nilipokuwa mwongo sikuweza kuvumilia namba ya kweli isiwe imeandikwa mahali. Mpe Masanja. Sikumwandikia barua. Nilianza nne, nikaona ndani ya zote ninajieleza.

Nasikia gari linapunguza mwendo barabarani, nadhani ndilo lako. Leo tutakula tukizungumza habari za begi na saa ya basi, na nitakuambia tena usiuelekeze mti kwenye nyaya za umeme, nawe utasema, "Mama, najua."

Masanja ana tabia moja ambayo sidhani kama imemtoka. Kabla hajakukaribisha kiti atakuuliza, kwa utani, mama yako anasema mita inasoma ngapi.

Mwambie sitini na nne.

Mama yako.